Cheti Kikavu

Mzee Noa Shemhando hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu akishazidisha utaratibu, ubaya humwingilia bila kubisha hodi. Hayo si masingizio. Ni maneno yake mwenyewe, na siku hizi huyasema kwa yeyote atakayemkaribisha chai.

Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa korona, ile mitambo ya kusaga mkonge, katika shamba moja upande wa Muheza, hukohuko alikozaliwa. Alipostaafu akahamia Usagara, mjini Tanga, na kwa kuwa hakuwa tena na mtambo wa kusimamia, akasimamia kanisa. Usharika ulimchagua mwenyekiti wa baraza la wazee. Haukupita mwezi alikuwa ameandika kanuni kumi na nne, akazibandika mlangoni kwa gundi ambayo hata masika hayakuiweza. Ya saba ilisema kwamba asiye na cheti cha ubatizo asikaribie Meza ya Bwana.

Hiyo ya saba ndiyo iliyokuwa kipenzi chake. Cheti chake mwenyewe alikitia fremu, akakitundika sebuleni juu ya saa ya ukutani, na mgeni alionyeshwa cheti kabla ya kupewa maji ya kunywa. Tena ulipofika wakati wa ushuhuda kanisani, Noa alisimulia anavyoukumbuka ubatizo wake ingawa alikuwa na miaka minne tu. "Baridi ya maji yale naisikia hadi leo," alisema, akipapasa utosi. "Yalinifunika macho, pua na masikio. Nikatoka mtu mwingine." Kina mama walifuta machozi.

Aliyekwama kwenye kanuni ya saba ni Anastazia, mkaanga samaki wa Kigombe, mama wa miaka hamsini na nane. Aliolewa na Msafiri, mvuvi Muislamu, wakaishi kwa heshima, kila mtu na dini yake. Alipofiwa ndipo akarudi kanisani. Kila Jumapili alifika mapema kuliko wa mjini, akaketi benchi la mwisho, na wenzake walipoinuka kwenda mezani yeye alibaki ameukumbatia mkoba wake, akitazama migongo ya watu. Ilikuwa sasa miaka miwili.

"Mzee mwenyekiti, mimi nilibatizwa," alimwambia tena, Jumapili moja ya Oktoba, ibada ilipokwisha. "Kulekule shambani kwenu, siku ya ubatizo mkubwa. Marehemu mama alinieleza. Cheti ndicho sikupewa. Mwinjilisti alisema vimekwisha."

"Vyeti haviishi, mama. Wali ndio huisha."

"Basi nibatizeni."

"Ubatizo ni mmoja. Ukishasema ulibatizwa, hatuwezi kurudia."

"Na kula?"

"Bila cheti hatuwezi kukulisha."

Anastazia akafikiri. "Kwa hiyo kwenye maji nimezidi, na kwenye mkate nimepungua?"

"Hapo umeelewa vizuri sana," Noa akamsifu, na alimsifu kwa moyo wote.

"Mzee wangu, mwezi uliopita nimepimwa moyo. Daktari hakunificha. Nataka nile na wenzangu walau mara moja kabla sijaitwa."

"Basi kitafute haraka," Noa akasema. Mchungaji Mathew, kijana aliyekuwa na miezi sita usharikani na bado akiwaogopa wazee, alisimama pembeni akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Wiki ileile Noa alikuwa akiandaa mahubiri ya Siku ya Matengenezo ya Kanisa. Alipewa somo la neema: Paulo na wale Wagalatia, watu waliopokea wokovu bure, kisha wakatokea walimu wakiwaambia kuwa bila tohara na torati hawajafika. Akaandika pia habari za Petro kule Antiokia, jinsi alivyokula vizuri na wasiotahiriwa mpaka wakubwa wa Yerusalemu walipotokea, naye akanyanyuka mezani kama mtu asiyewajua. Noa aliwakasirikia walimu wale hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Wanawawekea watu vizuizi mlangoni kwa Bwana!" alimsomea mkewe, Praxeda, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Na wao walivibandika kwa gundi?" Praxeda akauliza. Noa alikuwa anatafuta aya nyingine.

Alhamisi akafika Bertha, dada yake mkubwa, kutoka Lushoto, amebeba kapu la pea, amekuja kumsikia mdogo wake akihubiri. Wakala bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wakashiba. Bertha akavaa miwani, akasogelea ukuta, akasoma ile fremu mwanzo hadi mwisho. Mabega yakaanza kumtikisika.

"We Noa! Hiki nacho umekitundika?"

"Kwa nini nisikitundike?"

"Mdogo wangu, siku ile hukubatizwa. Ulimwona mchungaji na kanzu nyeupe ukadhani ni daktari wa sindano. Ulitoka mbio! Tulikusaka mkongeni mpaka ibada ikaisha. Tukakukuta umetumbukia kwenye mtaro wa korona, maji machafu yamekufika puani, unanuka hata mbwa wanakukwepa."

Noa akapapasa utosi. "Na yale maji ya baridi?"

"Ndiyo hayohayo."

Praxeda akaweka sahani chini ili acheke kwa nafasi.

"Lakini cheti kina jina langu," Noa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mwinjilisti aliviandika vyote kabla, kwa wino, kumi na vinane. Mchungaji mgeni naye akawa anahesabu vichwa, akaona kimoja hakipo. Mwinjilisti kwa hofu akamnyakua mtoto mchanga mgongoni kwa mama mmoja wa kambi ya manamba, wale vibarua wa mkonge. Mama wa watu hakuwa ameandikwa, maana hakuwa na ndoa. Mtoto akamwagiwa maji, akaitwa jina, nilikuwa nimesimama karibu kama hivi. Cheti chako akapewa baba. Baba akasema, huyu tutambatiza siku nyingine. Siku nyingine yenyewe ikasahauliwa."

Noa akaitazama fremu. Alijua jibu kabla hajauliza. "Yule mtoto aliitwa nani?"

"Jina zuri, refu." Bertha akakuna kichwa. "Anastazia."

"Sheria msumeno, baba," Praxeda akasema, akaendelea kucheka.

Noa akatoka nje, akaketi nyuma ya nyumba kwenye ndoo iliyofunikwa. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kunyamaza: wino haujafutika, Bertha ataondoka Jumatatu, na Praxeda anaweza kuhongwa kitenge. Mwenyewe hukiri kwamba kwa dakika kumi hivi lilikuwa wazo zuri sana. Kisha akamwona Anastazia na mkoba wake, akitazama migongo, na mgongo mmojawapo ulikuwa wake yeye, Noa, aliyekuwa akienda mezani mbele ya wote kwa ubatizo wa mwanamke yule. Aliona aibu, na ndani ya aibu akaona woga, maana alikuwa mtu mzima na hakujua asimame wapi mbele ya Mungu wake.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini kwa Mchungaji Mathew akamweleza yote, hata mtaro. Mchungaji akainuka. Alifunua glasi ya maji iliyokuwa mezani, akazunguka meza.

"Inama, mzee."

"Hapa? Sasa hivi?" Noa akarudi nyuma mpaka kwenye kabati. "Na darasa la miezi kumi na miwili? Kanuni ya nne! Na mtihani? Na barua kwa baraza, nakala tatu?"

"Mzee wangu, unataka kuokolewa au unataka kupanga foleni?"

"Vyote viwili," Noa akajibu, wala hakuwa anatania.

Mchungaji akainywa ile glasi mwenyewe. Akaketi. Labda maji yalimpa ujasiri, maana hapo aliacha kuwaogopa wazee. "Yule mtoto mchanga alisoma darasa gani? Alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake. Mama hana ndoa, mwinjilisti ana hofu, mchungaji anahesabu vichwa, na bado akabatizwa kweli. Sasa wewe unataka kumletea Mungu nakala tatu?"

Noa alifungua kinywa kutafuta kanuni ya kumjibu. Miaka yote hakuwahi kukosa, siku hiyo akakosa. Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa ile karatasi ya mahubiri, ukurasa wa pili, palepale alipowatukana walimu wa Wagalatia.

"Basi iwe kesho," akasema. "Mbele ya watu. Wengi nimewasimamisha mbele ya watu."

Jumapili alipanda madhabahuni na fremu kwapani. Kurasa kumi na moja za mahubiri alikuwa ameziacha nyumbani. Akasimulia habari ya kanzu nyeupe, mbio, mtaro na mbwa. Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikashindwa kukaa sawa, na kina mama waliokuwa wakiulilia ushuhuda wake walisema waziwazi kwamba wameibiwa machozi. Bertha akasimama akathibitisha, na akaongeza ile harufu, ambayo Noa alikuwa ameiruka. Noa alipofika kwa mtoto mchanga na kutaja jina lake, kicheko kikakatika, vichwa vikageukia benchi la mwisho.

Beseni likaletwa. Noa akavua koti, akainama, shingo ya uzee ikawa wazi.

"Msimamizi wake ni nani?" Mchungaji akauliza.

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, Noa mwenyewe hakulifikiria. Wazee wa baraza wakatazama viatu. Kwa mara ya kwanza Noa alijua jinsi kanisa linavyokuwa kubwa ukiwa unangoja mtu asimame kwa ajili yako. Kisha akasikia ndala zikija kutoka nyuma, polepole, za mtu anayeugua moyo. Zikasimama kando yake, pakanukia samaki wa kukaanga.

"Nipo hapa," Anastazia akasema.

Zabron, katibu wa baraza, mtu ambaye Noa alimfundisha kazi mwenyewe, akanyanyua kidole. "Samahani. Kanuni ya tisa. Msimamizi lazima awe na cheti."

"Anacho," Noa akasema, uso wake bado uko juu ya beseni. "Kipo kwenye fremu hiyo. Wameandika jina langu kwa makosa."

Anastazia akaweka mkono begani kwake. Maji yakamwagwa mara tatu. Yalikuwa ya bomba, ya uvuguvugu, hayakumfunika pua wala masikio, na Noa alilia kwa sauti hata kwaya ikaona ni heri ianze wimbo.

Walikwenda mezani pamoja, Anastazia mbele. Akapokea mkate, akautazama kidogo, akala. Noa naye akapokea. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote ile, akageuka aone nani amebaki kule nyuma bila kula. Kwenye benchi la mwisho hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkoba tu.