Karatasi ya Maziko ya Baba

Jina la kaka yangu nililifuta kwa kidole gumba, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, wanawake wa kwetu Cofimvaba wakimenya viazi pembeni yangu.

"Simu hiyo!" Shangazi Nozuko alinikejeli. "Hata baba yako akifufuka utamwambia, subiri nipige picha."

Walicheka. Mimi nilikuwa natengeneza kwenye simu karatasi ya maziko, ile ya ratiba na majina ya wafiwa. Mchapaji mjini aliitaka kabla ya saa sita, na asubuhi kaka yangu Khanyiso alikuwa ameniandikia: *Baba hakuniita Khanyiso hata siku moja. Angalau karatasi iniite.*

Nikampelekea Mama aione. Alikuwa kwenye godoro la mjane, blanketi mabegani.

"Weka Nokhanyo," akaninong'oneza, jina la kike alilozaliwa nalo Khanyiso.

"Mama! Wewe?"

Miaka miwili sasa Mama anahudhuria kikundi cha wazazi wenye watoto kama Khanyiso, kule mjini. Alilia mpaka akajifunza, akajifunza mpaka akawafundisha wengine. Ana msemo wake, wazazi wapya huuandika: "Zikeni aibu, msizike mtoto."

"Kule ni mjini," akasema. "Hapa kuna baba yako mkubwa. Siku moja tu, mwanangu."

Nikafuta. Mama aliomba, lakini kidole ni changu.

Jumamosi ya maziko Khanyiso akafika kwa suti nyeusi, kidevu kimeanza kuota ndevu, nami nilikuwa nagawa karatasi getini. Akasoma majina yetu: *Mabinti: Nokhanyo na Sinovuyo.*

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Umepanga vizuri," akasema. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Makaburini wanaume wakawa wanapokezana sepetu. Zamu ikafika kwake, akanyoosha mkono. Baba mkubwa Zwelakhe akaipitisha sepetu mbele ya kifua chake, akampa jirani.

"Mabinti wakae na mama yao. Karatasi imeshasema."

Khanyiso alimtazama Mama tu. Mama akavuta blanketi, akajifunika uso. Watu walidhani anamlilia mumewe.

Kaka yangu akaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza Mama kikundini. Kulikuwa na baba mmoja mgeni. Mama akamshika mkono, akasimama na nguo zake za eda, akasema: "Zikeni aibu, msizike mtoto." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami, kama kawaida yangu, nilikuwa narekodi.

Video ile nilimtumia Khanyiso kwa WhatsApp papo hapo. Mpaka leo tiki ni moja.