Matanga Uani kwa Mwenyekiti

"Panga lako lirudishe ndani, shemeji, wala usinitolee macho," Magdalena alimwambia jirani yake Andrea, watu wameshajaa uani kwake kusikiliza. "Ukimgusa Benedikto, kesho sote tuko rumande, na ufunguo bado anao yeye."

Andrea akafoka kwamba wanawake ni waoga. Lakini Magdalena hakuogopa rumande, aliogopea kabichi zake. Benedikto, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameushikilia ufunguo wa koki kuu kule mlimani miaka kumi na sita bila uchaguzi hata mmoja. Aliyemchekea alipata maji, aliyemnunia alikauka. Magdalena alithubutu kuuliza mkutanoni uchaguzi ni lini, na tangu siku ile bomba lake likawa pambo. Wiki moja zaidi, asingekuwa na jani la kushusha sokoni Morogoro.

Asubuhi yake mapanga yakabaki majumbani, watu wakabeba mikeka kama Magdalena alivyoshauri. Kitongoji kizima kikatandika uani kwa Benedikto, wanawake na khanga kichwani, wanaume kwenye magogo. Alipotoka kuuliza nani kafa, Magdalena alimpa shikamoo yake vizuri tu, kisha akamjibu: "Maji, baba. Tumekuja kukaa matanga."

Benedikto akapiga simu. Mgambo wawili wakapanda mlima wakihema, wakakuta msiba. Sasa nani huku Uluguruni anafukuza waombolezaji? Wakavua kofia, wakatafuta pa kukaa. Andrea akaficha kicheko kiganjani.

Siku ya pili Cecilia, mke wa Benedikto, ambaye hajawahi kumpinga mumewe mbele za watu, alizima moto jikoni, akajitanda khanga, akaja kukaa ubavuni mwa Magdalena. Penye msiba mwenye nyumba hapiki, akasema, na macho kayainamisha.

Siku ya tatu Benedikto akatoka mwenyewe, ndevu hazijanyolewa, akauweka ufunguo mkekani. Uchaguzi Jumapili baada ya misa, akasema, na yeye hagombei. Hakuna aliyeshangilia. Watu walishusha pumzi tu, kama waliotua mzigo.

Vijana wakapanda kufungua koki, na mchana bomba la Magdalena likakohoa, likatema matope, kisha maji meupe. Wanawake wakahamia kwake kupika chakula cha kuondoa matanga, umbea ukanoga hadi maharage yakataka kuungua. Benedikto alikuwa amesimama njiani peke yake. Andrea akanong'ona aachwe alale njaa.

Magdalena akafuta mikono, akatoka.

"Baba, matanga yameisha. Ingia ndani ule, ugali unapoa."