Kimeng'enya cha Tatu

Fundi mitambo alifungua maji baridi saa nne asubuhi, akaona amefanya la maana. Joto la tangi la kukuzia bakteria lilikuwa limepanda digrii mbili, na miaka ishirini ya kuhangaika na mabomba ilimfundisha kwamba chombo kikipata moto, kipoze. Kipimo kiliposhuka digrii sita akaona kazidisha. Akafunga, kikarudi kwenye kiwango chake cha kawaida.

Baadaye shemeji yake, mke wa kaka yake na mkuu wa maabara ile ya dawa, aliinua kichupa cha sampuli dirishani. Uso ukambadilika.

"Shemeji, kuna mtu kagusa tangi hili?"

Fundi akakaza nati ambayo haikuwa imelegea. "Kwani vipi?"

"Bakteria wanakufa."

Mbegu nyingine ya bakteria hao hawakuwa nayo. Bakteria wale walitengeneza dawa kwa vimeng'enya vilivyopokezana kazi kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za kuzima moto. Cha kwanza kiliunga vipande vya sukari, cha pili kikakunja kilichoungwa, cha tatu kikafunga. Kikishafunga, hatua zilizobaki zilifuatana zenyewe mpaka dawa. Lakini kilichokunjwa bila kufungwa kilikuwa sumu, hata kwa bakteria wenyewe.

"Cha tatu kimezubaa," shemeji alisema. "Joto liko sawa, basi ni chumvi imepungua. Naongeza."

"Na kama si chumvi?"

"Nitakuwa nimewamaliza."

Akainua jagi la chumvi. Fundi akamshika mkono.

"Weka chini! Ni mimi. Niliwapoza."

Shemeji alimkodolea macho. "Lile joto ni jasho lao la kazi, na cha tatu ndicho baridi hukizubaisha kwanza! Unamwagia maji mtu anayepika?"

"Nitukane baadaye. Tunafanyaje?"

"Kata sukari. Cha kwanza kikose cha kuunga, hiki cha tatu kilichozubaa kipate nafasi ya kumaliza mrundikano."

Fundi akakata sukari. Kila baada ya dakika kumi shemeji alipima, akatikisa kichwa. Mara ya tano hakutikisa.

"Kinafunga," alisema. "Nusu wamekufa, nusu watatosha kuanza upya." Akavuta daftari. "Naandika ni wewe."

"Andika."

"Na kuanzia leo hulishiki tangi hili."

Ilimchoma, ila hakubisha. "Sawa, shemeji. Lakini nionyeshe hiyo sampuli. Nataka kuona nilichokaribia kukiua."