Mshauri Wangu Aliniombea Radhi

Niliingia mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, hapa Moroni, nikiwa na mwanangu Touhfat mgongoni. Mama yangu, wa kunishikia mtoto, alikuwa kwetu Mutsamudu, kisiwani Nzuani, na tangu kisiwa hicho kijitenge na Komoro usafiri ulikuwa wa kubahatisha.

Kosa langu: sikufika kwenye mtihani wa mwisho. Kweli sikufika. Wiki ile vijana walikuwa wakisimamisha magari karibu na soko la Volo Volo, na Mndzuani, mtu wa Nzuani, akijulikana anashushwa, anaambiwa arudi kwao. Mimi nilikuwa kijijini Ntsoudjini, nimefichwa na Sittina, mwenzangu wa darasani, mtoto nimemtia titi mdomoni asilie. Sasa nikifukuzwa, ualimu basi tena.

Kanuni inamruhusu mwanafunzi kuja na mshauri. Sittina aliniambia, "Mchukue mwalimu Anrafi, kanuni anazijua."

"Anrafi hajafanya ndoa kubwa," nikamjibu. "Nani atamsikiliza?"

Huku kisiwani Ngazidja, mwanamume asiyefanya ndoa kubwa, hata awe na mvi, mbele ya wakubwa ni mtoto tu. Basi mimi, na akili zangu za mgeni, nikaenda kumchagua mtu kwa shali yake. Bwana Moustadroine, mhadhiri wa historia, mharuma, ile shali ya waliofanya ndoa kubwa, hauvui hata siku ya Jumanne.

"Usiwe na wasiwasi, binti," akaniambia. "Wale wote tumekula pilau pamoja." Nilikuwa wapi siku ya mtihani? Hakuuliza. Mtu mkubwa ataulizaje jambo dogo kama hilo?

Ndani ya kamati alianza kwa salamu, na salamu zake zilikuwa na matawi. Akamsifu mwenyekiti, Bwana Mdahoma, kwa harusi yake, akawasifu ng'ombe waliochinjwa, Mungu awarehemu. Nikadhani ndiyo anakuja kwangu. Akaja.

"Mtoto amekosa," akasema, mkono kifuani. "Nasimama kumwombea radhi. Wandzuani tunawajua, vichwa vigumu, lakini ni ndugu zetu."

Vichwa vikatikisika kwa kuridhika. Zalifa, katibu, akaandika. Nikamwomba asome.

"Amekiri kosa kupitia mshauri wake."

Nikamgeukia mshauri wangu. "Nimekiri lini?"

"Shh! Ndivyo tunavyomaliza mambo. Radhi ikiombwa na mkubwa haikataliwi."

"Barazani sawa. Hapa anayeomba radhi ndiye mkosaji."

"Nyamaza, utaniaibisha!"

Mimi ndiye wa kufukuzwa, aibu anaiogopa yeye! Nikasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu bwana sikumtuma aniombee radhi. Hajui hata kwa nini sikuja. Naomba asiendelee kunisemea."

Mjumbe mmoja akacheka. "Mndzuani kamili! Naye kajitenga!"

"Kwa bwana huyu, ndiyo," nikasema. "Kwa chuo, hapana."

Touhfat akaanza kulia. Nikamshusha, nikamnyonyesha palepale chini ya kanga, nikaeleza yote. Wakamwita Sittina, aliyekuwa akisubiri mlangoni.

"Alikuwa kwako?" akauliza Bwana Mdahoma.

"Kwangu. Na kaka yangu alikuwa miongoni mwa wale wa barabarani. Nilimwambia chumbani kuna shangazi mgonjwa, asiingie."

"Na mtoto alipolia?"

"Nilimwambia shangazi ana maumivu makali."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimtazama Sittina, kisha akatazama meza. Akamwambia Zalifa alifute lile neno la kukiri. Mtihani, akaamua, nitaufanya pamoja na wanaorudia.

Pale nje Bwana Moustadroine alikuwa ameshazungukwa na watu, anapokea pongezi, mharuma ameutandaza begani vizuri.

"Si nilikwambia, binti? Radhi imekubaliwa! Ukifaulu, usisahau kuwaambia watu nani alikusimamia."

"Sitasahau, bwana. Kila atakayeitwa na kamati nitamweleza, neno kwa neno."

Akatabasamu, maskini, akidhani ni sifa.

Sittina akamchukua Touhfat mikononi mwangu. "Sasa twende wapi, shangazi mgonjwa?"

"Kwa mwalimu Anrafi," nikamwambia. "Nikamwombe anisaidie kujiandaa. Na radhi ya kumdharau, hii ya leo, nitaiomba mwenyewe."