Pete Iliyokuwa Chupani

Mume wangu alinioa kwa pete ya shaba na chupa. Pete, aliniambia, ni ya kushikia nafasi tu. Chupa ilikuwa ya pombe tamu yenye chenga za dhahabu zinazoelea. Aliifungia kwenye kabati la vioo, akaapa kwamba pete yangu ya kweli imo humo ndani, inasubiri sonara.

Nilisubiri mpaka watoto wakaota ndevu. Kila mgeni akija, mume wangu aliitikisa chupa, chenga zikacheza, naye akavimba kichwa. Mimi kidole kilikuwa cha kijani kwa kutu ya shaba. Iliniuma, siwezi kusema uongo.

Mdogo wangu alipokuja kutuonyesha pete yake ya uchumba, alinishika mkono, akakikagua kidole changu, kisha akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, hizo chenga ni karatasi za pipi. Dada yangu umempiga changa la macho."

"Dhahabu hiyo!" mume wangu akafoka. "Halisi!"

"Basi twende kwa sonara leo hii," nikasema. "Ikiwa feki, utaishi na hiyo chupa, si na mimi."

Njiani aliibeba kama mtoto mchanga, kila hatua akiichungulia juani. Hapo nikajua hata yeye hakuwa na hakika.

Sonara alikuwa rafiki yake tangu shule, mtu mfupi aliyepandisha miwani kwenye paji la uso. Aliichuja pombe kwa kitambaa cheupe, akazikausha chenga, akazima feni, akatukataza kupumua ovyo. Akainua chenga moja kwa brashi, akaidondoshea tindikali.

"Ikichemka ikapotea, feki."

Tukakodoa macho. Chenga ikabaki iking'aa.

"Dhahabu," sonara akasema.

"Nilisema mimi! Nilisema!" Mume wangu aliruka, na kwa upepo wake chenga kadhaa zikapeperuka, zikatua puani kwa mdogo wangu. "Haya, mpime mke wangu kidole!"

Sonara alicheka mpaka miwani ikamshukia machoni. "Pete gani, ndugu yangu? Hizi ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiniuzia vyote, chupa tupu ndiyo nitakayoilipia zaidi."

Mume wangu akanywea. Alikitazama kidole changu, machozi yakamlengalenga.

"Nilidhani ni nyingi," akasema. "Mke wangu, naapa, nilidhani ni nyingi."

Hasira zangu zote zikaniishia. Mjinga huyu hakunidanganya. Miaka yote hiyo alikuwa akiisubiri pete pamoja nami.

"Shemeji, lete hiyo ya shaba," sonara akaniambia. Akaisugua, akaipaka gundi, akabandika chenga mojamoja, pamoja na zile za puani. Ikang'aa mpaka nikaona haya.

"Lakini ni utando tu," akaonya. "Ikikutana na sabuni na maji ya vyombo, kwisha habari."

Nikaivaa. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama, na akaelewa kabla sijafungua mdomo.

Jioni ile ile alikunja mikono ya shati. Siku hizi mgeni akija, mimi ndiye ninayekaa sebuleni nikinyoosha kidole, na sauti inatoka jikoni kwenye masufuria:

"Halisi hiyo! Sonara ameipima!"