Pumba za Wangeci

Wangeci alipobisha mlango asubuhi ile, Nakhumicha alidhani jirani yake amekuja kuomba kaa la moto kama kawaida. Akamkuta amekumbatia sanduku la mbao, kifuko cha gunia kikining'inia mkononi, na nyuma yake, barabarani, lori la serikali likinguruma.

"Wanatuhamisha," alisema Wangeci. "Wakikuyu wote wa hapa Kiganjo; ninyi wengine mnabaki. Tunapelekwa Ruiru, kwenye kijiji kipya."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na waasi. Gichuru, mume wa Wangeci, alikuwa amekamatwa kazini wiki chache nyuma na kupelekwa kizuizini. Kabla ya hapo alimletea mkewe sungura wawili wadogo, mmoja mweupe na mwingine wa kahawia, wametoka tu kuachishwa ziwa. Hakuwaleta wachinjwe. Wangeci hakuwa amejaliwa mtoto, na Gichuru alitaka awe na kitu cha kubembeleza. Hao ndio waliokuwa sandukuni.

"Nitunzie, dada. Chakula chao ni hiki." Akafungua kifuko: pumba za ngano zilizochanganywa na nyasi kavu. "Zikikaribia kuisha watafutie kingine, lakini usiwabadilishie ghafla. Changanya kidogo kidogo, kile kipya ukiongeze siku hadi siku. Matumbo yao bado machanga."

"Nimesikia. Watakuwa kama wangu."

Alisema kweli tupu. Lakini lori lilipokwisha kuondoka, akazichota zile pumba kiganjani, akaziona zimefifia kama vumbi. Wazo likamjia kwamba Wangeci alikuwa bahili. Si ndiye aliyekuwa akikata kipande kimoja cha sabuni mara nne? Sasa hata wanyama aliopewa na mumewe anawalisha makapi! Erastus, mume wa Nakhumicha, alikuwa na kazi yake kiwandani, na nyumbani kwao hakulala mtu njaa. Nakhumicha akataka Wangeci atakaporudi awakute wamenona, aone tofauti.

Kesho yake akaenda mjini Thika, dukani kwa mzee Salehe. Salehe akamfungulia magunia: pumba, chakula cha kuku, mahindi yaliyovunjwavunjwa.

"Sungura sijawahi kufuga, mama," alisema. "Chagua mwenyewe. Wamezoea nini?"

"Pumba. Lakini wamezila vya kutosha, maskini. Nipimie mahindi."

Mahindi yalikuwa manjano na yananukia vizuri, hata yeye akatafuna punje mbili njiani. Kifuko cha Wangeci akampa Kalondu, jirani mwingine, awape kuku wake.

Sungura waliyapenda mahindi. Walikula kwa pupa, masikio yakicheza, na Nakhumicha akacheka peke yake akawaongezea. Siku ya pili mweupe alijikunyata pembeni akisaga meno. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na manyoya ya nyuma yamelowa kwa kuhara. Nakhumicha alimkanda tumbo, akamdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa. Sungura akajinyoosha mara moja mapajani mwake, akatulia. Alikuwa amekufa.

Wa kahawia naye alikuwa ameacha kula. Hapo maneno ya Wangeci yakamrudia neno kwa neno, akakimbia kwa Kalondu.

"Zile pumba zimebaki?"

"Kuku wamezila karibu zote. Kuna nini?"

"Nipe zilizobaki, hata kama ni za kukung'uta."

Kalondu hakuuliza tena. Alikung'uta kifuko, wakapata bakuli moja. Kwa nyasi kavu na pumba hizo, wa kahawia alipata nafuu polepole. Nakhumicha akanunua pumba nyingine kwa Salehe, akaanza kuzichanganya kidogo kidogo, kama alivyoambiwa tangu mwanzo.

"Ni sungura tu," alisema Erastus alipomwona analia. Nakhumicha akaendelea kuchanganya pumba.

Miezi ikapita kabla hajasikia kwamba wageni wanaruhusiwa kufika Jumapili kwenye lango la kijiji alichopelekwa Wangeci. Alipanda basi hadi Ruiru, sungura akiwa kapuni. Kijiji kilizungushiwa seng'enge, na nje yake handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Homugadi, mlinzi wa serikali mwenye bunduki, alichungulia kapu akacheka, kisha akaenda kumwita Wangeci.

Alikuwa amekonda. Alimchukua sungura wa kahawia, akaufunika uso wake kwenye manyoya. Halafu akatazama tena ndani ya kapu.

"Na mweupe?"

"Alikufa, dada. Tumbo." Nakhumicha akavuta pumzi aseme yaliyobaki. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

"Ngai! Ni zile pumba," Wangeci akamtangulia. "Zilikuwa zimeingia unyevu, nikazianika nikasema zitafaa. Sikuwa na kingine. Hata hizo nilizinunua kwa pesa ya unga wangu. Nimemuua mwenyewe."

"Hapana, Wangeci..."

"Usinifariji. Gichuru alimpenda yule mweupe. Nitamwambia nini?"

"Muda umekwisha!" akaita homugadi.

Palikuwa na nafasi ya sentensi moja fupi.  Ilikuwa rahisi kunyamaza, na Nakhumicha akanyamaza.

Wangeci akamrudishia sungura. "Rudi naye. Humu ndani njaa ni kali, ataishia chunguni. Na tafadhali mtafutie chakula kizuri. Pumba usimpe tena."

"Sawa," akasema Nakhumicha.

Jumapili iliyofuata hakwenda. Alijiambia ni mvua. Baada ya hapo Erastus akaugua. Alipokwenda hatimaye, alikuwa ameamua kulisema neno lake hata kabla ya salamu. Langoni palikuwa na homugadi mwingine.

"Wangeci wa Gichuru? Yeye na wenzake wamehamishwa. Wamepelekwa wilaya ya Fort Hall."

"Kijiji gani?"

"Mimi sijui, mama. Una ujumbe?"

Aliwaza kumwachia, kisha akaona aibu kumwambia mtu mwenye bunduki habari za mahindi na sungura. Akaondoka.

Hali ya Hatari ilipokwisha, wanawake wa Fort Hall walianza tena kuleta ndizi na viazi sokoni Thika. Nakhumicha aliwauliza mmoja mmoja. Wengi walimjua Wangeci fulani: mmoja alikuwa mzee, mwingine alikuwa na watoto sita, mwingine mumewe hakuitwa Gichuru. Alinunua ndizi zao, akaendelea kuuliza.