Mtungi wa Mzee Simoni

Kila pombe ya mtama ilipoiva, mtungi wa kwanza ulikuwa wa mzee Simoni. Maji ya kiwanda kidogo cha Adventina, hapo Gasorwe, yalitoka kwenye chemchemi ya chini ya mwamba, ndani ya shamba la Simoni, na mzee akiifunga njia, kazi yote imekwisha. Lakini haikuwa hofu tu. Chemchemi hiyo mama yake alimsimulia tangu utotoni huko Kibondo, Tanzania. Adventina alirudi Burundi akiwa mtu mzima, na alitamani walau jirani huyu mmoja amwone kuwa ni mtu wa hapa.

Basi aliutua mtungi mlangoni, akasalimu, akaenda zake. Kesho yake aliukuta umeoshwa ukatakata. Moyo ulimjaa furaha. Mzee anakunywa!

Anakunywa wapi! Asubuhi moja alisahau kitenge chake, akarudi kukichukua, akamkuta Simoni ameuinamisha mtungi kwenye shina la mgomba, pombe yote inakwenda na udongo. Migomba ile ilinawiri kuliko yote ya kilimani, na sasa sababu ikajulikana. Adventina alilia kwa uchungu mpaka mumewe, Fredi, akataka kwenda kugombana.

"Muache," alisema. "Ila simpelekei tena."

Jumamosi alipeleka pombe Gitega, kwenye sherehe ya mahari huko Mushasha. Mama mwenye nyumba, Jovina, alichomeka mrija, akanywa mafunda mawili mbele ya wageni, ndipo akampa mkwe. Adventina alitoa macho. Mwenyeji anaanza yeye? Mama yake alikuwa mlokole, pombe haikupita hata uani kwake, na kupika alijifunza ukubwani, kwenye kikundi cha akina mama. Adabu aliyolelewa nayo ni mgeni kwanza.

"Mais dada, unashangaa nini?" Jovina alicheka, Kifaransa cha mjini kikimponyoka. "Usipoonja mbele ya macho yake, atajuaje kama haiko sumu ndani?"

Njia nzima ya kurudi Gasorwe Adventina aliihesabu mitungi aliyompelekea Simoni. Kumbe mitungi yote ile alikuwa akimtisha mzee wa watu.

Kesho yake alibeba mtungi hadi kwa Simoni, na safari hii hakuutua akaondoka. Aliketi.

"Mzee, ulidhani nimekutilia sumu?"

Simoni aliinamia mikono yake. "Mi niliogopa, mwanangu. Shamba ya baba yako nimekula miaka yote mko ukimbizini. Hata hii chemchemi ilikuwa yake. Mliporudi, siku ya kugawana mipaka, mi nikanyamaza. Ingekuwa mi ndiye we, ningetia."

"Najua ilikuwa yake," Adventina alijibu. "Mama aliniambia. Nilijua tangu mtungi wa kwanza."

Mzee aliinua uso, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Adventina alichomeka mrija, akanywa, akanywa tena, kisha akampa kwa mikono miwili.

Simoni aliupokea mrija ule ule. Alikunywa huku machozi yanamtiririka, akanywa mpaka mtungi ukalia mkavu, na siku hiyo migomba haikupata kitu.